Akiba ya Ndani ya Mshono

Simu ilipolia, Mama Akiba alikuwa na pini tatu mdomoni na overoli moja mapajani, kwa hiyo aliyepokea ni wifi yake. Wifi akasikiliza, akaitikia ndiyo mara nne, kisha akaiweka simu juu ya cherehani taratibu, kama anaweka yai.

"Ni yule Mkalimani wa kampuni ya daraja," akasema. "Mkaguzi anakuja kesho saa tatu asubuhi. Marobota tusiyafunge, tuyaache wazi."

Mama Akiba akatoa pini mdomoni moja moja. Akauliza kama amesema kwa nini. Wifi akajibu kwamba hakusema, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku anatazama viatu vyake.

Basi mchana ule vyerehani vyote vinane vikapoteza mwendo. Ungevisikia kutoka nje ungedhani ni mvua inayonyesha na kuacha. Huyu akikanyaga kidogo, anasimama. Yule akikata uzi, anaushika mkononi na kuutazama. Hakuna aliyelitaja lile lililokuwa mioyoni mwao, na kila mmoja alijua mwenzake analiwaza hilo hilo.

Daraja kubwa lilikuwa likijengwa juu ya bonde, nguzo zake zikipanda kila wiki, na kampuni iliyokuwa ikilijenga ilitoka ng'ambo, mbali sana. Mkataba wake ulisema baadhi ya vitu vinunuliwe kwa wenyeji. Ndivyo Mama Akiba alivyopata kazi ya kushona overoli mia tisa, kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipelekwa mwezi uliopita na likapokelewa. Fungu la pili, overoli mia tatu, ndilo lilikuwa pale sakafuni likinukia kitambaa kipya. Fungu la tatu lilikuwa bado ni majora yaliyosimamishwa kwenye kona.

Kwa ajili ya kazi hiyo alihama kibarazani kwake akakodi chumba kilichokuwa ghala, akawakusanya wanawake saba. Mmoja aliacha kazi ya kufua mashuka hospitalini. Mwingine alimwachia jirani meza yake ya sokoni, na meza ya sokoni ukishaiacha hairudi. Wifi mwenyewe aliacha jiko la hoteli alilolitumikia miaka kumi na mmoja, akasema amechoka kukoroga, sasa anataka kukaa chini kama watu. Na mkataba ulikuwa na kifungu kimoja ambacho Mama Akiba alikijua kwa moyo: fungu moja likikataliwa, kampuni itaagiza nguo zilizokwisha kushonwa kutoka kwao, na shughuli imekwisha.

Jioni mwanawe alipita kula, kama kawaida yake. Kijana huyo alikuwa akifunga nondo kwenye nguzo za daraja, huko juu ambako watu wakionekana kutoka chini ni kama sisimizi. Mama yake akampa kiti chenye mto. Akakaa ukingoni, nusu amekaa nusu amesimama, sahani mkononi.

Akamuuliza kama kazini kuna maneno yoyote kuhusu nguo. Kijana akasema hapana, nguo ni nzuri, watu wanazisifu. Alisema hivyo akiwa anatazama mchuzi. Mama Akiba akamwambia alete overoli yake aifue, maana zamani alikuwa akimletea na sasa wiki mbili hajaiona. Akasema anajifulia mwenyewe, asijisumbue. Mama akaguswa. Akamwongezea nyama bila kuulizwa, akawaza kwamba mtoto amekua, amejua mama yake ana kazi nyingi.

Asubuhi gari la mradi lilifika kabla ya saa tatu. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, nywele amezibana kisogoni kwa kalamu. Aliingia, akainamisha kichwa mara moja kuwaelekea wote kwa jumla, akaenda moja kwa moja kwenye marobota. Soda aliyofunguliwa ilibaki mezani ikitoa mapovu. Kiti hakukitazama.

"Huyu kaja kukagua au kuzima moto?" Wifi akanong'ona.

Nyuma yake aliingia Mkalimani. Huyu alikuwa kijana wao, wa mtaa wa pili, mwenye miwani na adabu nyingi. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa zamu, shikamoo mama, shikamoo mama, mpaka akawamaliza wote wanane, na jasho lilikuwa limeshamtoka ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi.

Mkaguzi akachukua overoli ya kwanza, akaigeuza ndani nje, akatoa rula ndogo ya chuma na kuiweka kwenye mshono wa paja. Akaandika. Akachukua ya pili, ya kumi, akazama chini ya robota akavuta ya katikati. Kila aliyoipima aliiweka upande wa kushoto. Upande wa kulia haukupata hata moja. Jambo moja tu Mama Akiba aliliona, akalishika: kila nguo aliyoikataa, mwanamke yule aliikunja tena vizuri, kwa mikunjo ile ile aliyoikuta.

Halafu akasimama, akaongea. Aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, akionyesha mshono, akionyesha karatasi, akionyesha mlima ule wa upande wa kushoto. Alipomaliza akamgeukia Mkalimani.

Mkalimani akameza mate. Akasema, "Anashukuru kwa kazi. Anaomba mishono iwe ya kiasi, kama itawezekana."

Chumba kikapumua. Mama wa mashuka akatabasamu kabisa. Lakini Mama Akiba hakutabasamu. Alikuwa ameshona miaka thelathini na mitano na alijua kipimo. Kitambaa cha urefu ule hakitoi leso tu.

Akasogea mpaka akawa karibu na kijana, akaongea naye kwa upole, kama anavyoongea na mtoto aliyevunja kikombe.

"Mwanangu, yeye kasema mengi. Nipe kama yalivyo. Mimi ni mtu mzima, sitavunjika."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndipo akasema, macho chini, kwamba Mkaguzi anasema nguo hizi haziwezi kupokelewa, hata moja. Kwamba mkataba unasema ndani ya mshono kiachwe kitambaa cha sentimita moja, na hapa kimeachwa cha vidole vitatu. Kwamba alilisema jambo hili hili katika fungu la kwanza, akaambiwa mafundi wameelewa na watarekebisha, na akakubali kupokea kwa sababu hiyo.

"Mbona hatukuambiwa?" Wifi akauliza.

"Nilisema mishono iwe ya kiasi," Mkalimani akajibu. "Mama, nilishindwa. Umri wako ni wa mama yangu. Ningekwambiaje kwamba kazi yako haifai? Niliyapunguza makali. Nikadhani utajua."

Mama Akiba alikuwa amejua, na hakujua. Ile sentimita moja aliiona kwenye mchoro wa nguo siku ya kwanza. Alifikiri ni ubahili wa watu wenye nguo nyingi, wasiojua maana ya nguo kubana.

Maana jina lake lilitoka hapo hapo. Tangu akiwa msichana alikuwa akiacha kitambaa cha kutosha ndani ya kila mshono, na pindo refu chini. Mzazi akileta gauni la shule la mwaka jana, linabana, Mama Akiba analifumua, anatoa kile kilichofichwa ndani, na gauni linakua pamoja na mtoto. Hachukui chochote. Wapo wasichana waliovaa gauni moja kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Watu wakamwita Mama Akiba, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho. Basi na hizi overoli alizikata hivyo hivyo. Vipande vilivyobaki, ambavyo fundi mwingine angevifanya vifuko na kuviuza, yeye alivirudisha ndani ya nguo, kwa ajili ya vijana watakaonenepa wakipata mishahara, na wadogo zao watakaorithi.

Akaeleza hayo. Safari hii Mkalimani alifasiri polepole na kwa urefu, na Mkaguzi alisikiliza bila kuandika. Akauliza swali moja tu: hivyo ni makusudi? Akajibiwa ni makusudi. Mwanamke yule akatoka nje.

Walidhani ameondoka. Mwenye meza ya sokoni akakaa chini sakafuni, akaanza kusema hivi sasa ataenda wapi yeye. Lakini gari halikuwaka. Mkaguzi akarudi amebeba mikanda ya usalama, ile mipana ambayo wanaopanda juu hujifunga mabegani na kuzungusha kila paja, na nyuma ina kamba ya kuwashika wakiteleza. Akawapima wote kwa macho, akamchagua Wifi.

Wifi akavalishwa overoli, kisha mikanda. Alikuwa mwanamke mnene na mwenye maneno, akageuka huku na huku. Akawaambia wenzake wamtafutie mahari, leo amefungwa kama zawadi. Wakacheka kwa sababu walihitaji kucheka. Mkaguzi hakucheka. Akakaza mikanda mpaka ikashika, kama inavyopaswa kushika kule juu, akamwonyesha kwa vitendo: chuchumaa, simama. Chuchumaa, simama.

Mara ya tatu Wifi alikuwa bado anatania. Mara ya kumi akanyamaza. Mara ya ishirini akaomba basi. Walipomfungua, akaenda nyuma ya majora na Mama Akiba, akavua overoli. Pande zote mbili za mapaja, pale mshono ulipopita chini ya mkanda, palikuwa na alama nyekundu, nene kama kamba, na mahali pamoja ngozi ilikuwa imeshaanza kuchubuka.

"Mara ishirini tu," Wifi akasema. Sasa hakuwa na utani wowote. "Wao wanashinda nayo siku nzima, wifi."

Mama Akiba alikuwa anaona kiti chenye mto, na mtu aliyekaa ukingoni mwake.

Akarudi mbele. Akamuuliza Mkaguzi ana siku ngapi. Jibu likaja: leo ni Jumatano, lori la kupeleka vifaa juu linaondoka Ijumaa saa nane mchana. Nguo zikiwa tayari na zikiwa sawa, zitapanda lori. Zisipokuwa sawa, barua ya kuagiza za nje imeshaandikwa, inangoja sahihi yake. Anasikitika lakini haiwezi kungoja zaidi, wafanyakazi wapya wanaanza Jumatatu.

"Na zile za kwanza?" Mama Akiba akauliza. "Mia tatu walizovaa?"

Mkalimani akafasiri, kisha akaleta jibu kwamba zile zilishapokelewa na kusainiwa, hazidaiwi.

"Mwambie sikuuliza kama ninadaiwa. Zimevaliwa na watoto wa watu. Waniletee usiku wakivua, asubuhi watazikuta."

Wifi akamvuta mkono wa gauni. Mia tatu kwa siku mbili na nusu tayari ni kazi ya kichaa, akamnong'oneza, unaongeza mia tatu nyingine, tutazikosa zote mbili. Wale wengine walikuwa wakimtazama, na yeye aliona nyuso zao moja moja, mashuka, meza ya sokoni, jiko la hoteli. Hata hivyo hakulirudisha neno lake. Mkalimani alipofasiri, Mkaguzi akakubali kwa kichwa, kisha akaichukua ile soda iliyokwisha mapovu, akainywa yote, akaondoka.

Mchana Mama Akiba alikwenda mpaka kwenye lango la mradi, akangoja saa ya mapumziko. Mwanawe alitoka akitembea miguu imeachana kidogo, kama mtu aliyeshuka kwenye farasi. Alipomwona mama yake akajaribu kunyoosha mwendo, na kule kujaribu ndiko kulikomuumiza mama zaidi.

"Nionyeshe mapaja," akasema.

"Mama, hapa kuna watu."

"Basi niambie."

Kijana akatazama pembeni. Akasema wanajifunga vitambaa ndani, wote. Wengine wanalegeza mikanda wakiwa juu, ingawa wamekatazwa. Hapo mama yake akafumba macho. Akalegeza sauti, akauliza na yeye huwa analegeza? Kijana akasukuma kokoto kwa ncha ya buti, na hilo likawa jibu.

"Kwa nini hukusema? Kila jioni unakula kwangu."

"Ningesemaje, mama? Kila mtu kule anajua mama yangu ndiye anayeshona. Hata wao wameninyamazia. Walisema tusimvunje moyo mama wa watu, ndio kwanza amepata kazi kubwa."

Alirudi chumbani akiwa haoni vizuri njia. Watu wangapi walikuwa wamemficha, na wote kwa wema. Na yeye mwenyewe alikuwa ameuficha wa kwake ndani ya kila mshono.

Akaanza yeye. Akageuza overoli ya kwanza, akafungua mshono wa paja kama kitabu, akatia mkasi kwenye ile akiba. Mkono ulikataa. Miaka thelathini na mitano mkono ule ulifundishwa kuacha, sasa unaambiwa ukate. Wifi akaona, akaweka mkono wake juu ya ule wa wifi yake, na mkasi ukaenda.

Walijipanga. Watatu wanakata, wawili wanapitisha kwenye mashine ya overloki kuziba nyuzi, wawili wanapiga pasi mshono ulale, mmoja anapima kwa rula. Paja, pale miguu inapokutana, mabega. Kokote mkanda unakopita. Vipande vyembamba vikaanguka mpaka vikafika vifundoni. Jioni lango lilipofunguliwa overoli za zamani zilianza kuingia kwa magunia, zikiwa na jasho na vumbi la saruji, na baadhi zilikuwa na madoa ya kahawia kwenye mapaja ambayo hakuna aliyeyazungumzia. Walizifua kwanza pale pale zilipochafuka, kisha wakazikata.

Alhamisi Mkalimani alikuja baada ya kazi yake. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye mlima wa nguo na kuanza kukunja. Mama Akiba akampa mto wake wa kukalia. Baadaye kidogo akamsahihisha jinsi ya kukunja mabega, na kijana akashukuru kama aliyesamehewa, na kweli alikuwa amesamehewa.

Mashine ya overloki ilikufa Ijumaa saa mbili asubuhi, zikiwa zimebaki overoli arobaini na moja. Mama wa mashuka akaanza kulia huku anapiga pasi. Wakaifungua, wakasafisha, wakaikuta sindano imepinda na hakuna nyingine. Basi zile arobaini na moja wakaziziba kwa mkono, sindano na uzi, wote wanane na Mkalimani akiwatungia uzi, na saa ya ukutani hakuna aliyethubutu kuitazama isipokuwa kwa pembe ya jicho.

Saa saba na nusu gari likasimama nje. Mkaguzi akaingia, akainamisha kichwa, safari hii akasimama kidogo mbele ya Mama Akiba kabla ya kupita. Rula ikatoka. Ya kwanza akaiweka kulia. Ya pili, kulia. Akachagua moja iliyozibwa kwa mkono, akapitisha kidole kwenye mshono mzima, akarudia, akauliza kitu. Mkalimani akafasiri kwamba anauliza hii ni mashine gani. Wifi akainua vidole vyake kumi. Ikaenda kulia.

Kisha akashika ncha ya mguu wa suruali. Akaigeuza. Chini pale pindo lilikuwa limekunjwa ndani, vidole vitano kamili. Akavuta nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Chumba kizima kikamgeukia Mama Akiba, na Wifi akafumba mdomo kwa kiganja, kwa sababu huko chini hakuna aliyemwambia akate, na yeye hakukata.

Mkaguzi akaongea. Yalikuwa maneno mengi, sauti ile ile isiyopanda wala kushuka.

"Anasema," Mkalimani akaanza, akasita, akamtazama Mama Akiba machoni kwa mara ya kwanza. "Anasema pindo hilo halimo katika mkataba. Anasema angeweza kuzikataa zote kwa ajili hiyo. Anasema mkanda haufiki huko chini, na buti litalifunika. Anaandika kwamba limeruhusiwa. Na anasema fungu la tatu atakuja kulipima likiwa bado linakatwa, kwa sababu amekufahamu sasa. Ni mkali, mama. Alivyosema ni kwa ukali."

"Umepunguza?"

"Hata neno moja."

Mama Akiba akaitikia kwa kichwa, akashika ukingo wa meza. Nje walikuwa wameshaanza kupakia.

Haikuwa imekwisha. Lilibaki fungu la tatu, na rula, na mkono wake mwenyewe ambao haukuaminika bado. Jioni mwanawe alipita. Overoli yake ilikuwa miongoni mwa zile za magunia, aliivaa siku hiyo tangu asubuhi. Mama akampa kiti chenye mto, akageuka kupakua chakula, akajifanya anatafuta kijiko ili asimtazame. Akasikia kiti kikilia, kwanza mbele, kisha, baada ya muda, nyuma kabisa kwenye egemeo.